Milembe, Kichuguu Chake na Fundi wa Mchwa

Mnanichosha. Kila nikiketi kupepeta mtama wangu, anakuja mtu: "Bibi, tuandikie ile ya Milembe na mchwa." Kwani Milembe hana mdomo? Anao, tena mrefu. Ila akisimulia yeye anaruka zile sehemu zinazomwaibisha, ndiyo maana mnanifuata mimi, wifi yake, niliyeshikishwa kalamu ukubwani kwenye kisomo cha watu wazima. Mkono wangu unajua zaidi mpini wa jembe. Haya, nitaandika mara moja na sirudii. Mwenye haraka akachunge mbuzi.

Milembe ni mjane. Mume wake, kaka yangu Deogratias, alimjengea nyumba ya matofali ya kuchoma na mabati juu, nje kidogo ya Bariadi, njia ya kwenda Maswa, mwaka ule pamba ilipokubali hata kwenye changarawe. Kisha akafa, tukamzika palepale uani. Tangu hapo Milembe aliishikilia nyumba ile kama kupe anavyomshikilia ng'ombe.

Nyuma ya jiko kulikuwa na kichuguu kirefu kuliko mtu. Aliachiwa na mama mkwe wake, yaani mama yangu mimi. Kwetu kichuguu cha kumbikumbi kina mwenyewe, kama ng'ombe alivyo na mwenyewe, na hakuna anayekwenda kukinga kumbikumbi kwenye kichuguu cha mtu bila kuomba. Kumbikumbi wa Milembe walikuwa wanono. Aliwatia kwenye kikaango kikavu wakajikaanga kwa mafuta yao wenyewe. Nusu ya majirani walikuwa marafiki zake kwa ajili ya kumbikumbi hao, maana ulimi wake peke yake ungewafukuza.

Kitu kingine alichojivunia ni kuni. Zamani za ushirika, pamba ikishavunwa bwana shamba alipita shamba hadi shamba. Miti yote ya pamba ing'olewe na ichomwe, wadudu wasipate pa kulala mpaka msimu mwingine. Asiyechoma alipigwa faini. Ikaja soko huria. Wanunuzi wakaja kila mmoja na mizani yake na lori lake, na yule bwana shamba hatukumwona tena akipita. Watu wakasema, basi, ruhusa imetoka. Na kuni kwetu ni shida, wanawake tunazifuata mpaka miguu inavimba. Milembe akang'oa miti yake ya pamba pamoja na mizizi, akaipanga nyuma ya nyumba, imeegemea ukuta, safu juu ya safu mpaka chini ya mabati. Ilinyooka kama imepimwa kwa kamba. Wanawake wakipita njiani walisimama kuitazama.

"Sifuni," aliwaambia, "lakini msiguse."

Ikaenda hivyo msimu wa kwanza, na wa pili. Kiangazi kimoja Milembe alikuwa anatundika gunia la michembe, vile viazi vitamu vyetu vya kukausha, kwenye kenchi ya chumba chake, mahali alipolitundika miaka yote. Ubao ukakatika. Michembe ikammwagikia kichwani, na baada ya michembe ukafuata udongo. Akashika kipande cha ule ubao. Nje kilikuwa na rangi yake nzuri, ndani kilikuwa kitupu kama mfupa uliofyonzwa.

Binti yake Winnie, muuguzi pale Bariadi mjini, alikuja Jumapili baada ya misa. Akatazama juu, akatazama ukutani ambako njia za udongo zilipanda kama mishipa ya mkono wa mzee.

"Mama, mvua ikikukuta humu, paa litakushukia."

"Halijanishukia."

"Michembe ilikushukia. Sikiliza. Tafuta fundi wa kutibu mchwa kabla ya mvua. Mvua ya kwanza ikinyesha na nyumba iko hivi, nakuja na gari nakuhamishia kwangu mjini."

"Kwako nitafanya nini?"

"Utakaa."

"Mimi si mtungi, Winnie, niwekwe pembeni nikae."

Lakini Winnie ni mtoto wa mama yake. Akisema gari, ni gari. Milembe akabaki anatazama kaburi la mumewe na kile kichuguu na nyumba, na mawingu yalikuwa bado mbali, ila yalikuwa yanakuja.

Wa kwanza kujitokeza alikuwa Masele, jirani. Masele alikuwa na bomba la kupulizia pamba na dawa iliyobaki msimu uliopita. "Dawa inayoua viwavi itashindwaje na mchwa?" alisema. Akapulizia kuta nje na ndani mpaka nyumba ikanuka, tukakohoa hata sisi majirani. Kesho yake majogoo wawili wa Milembe walilala miguu juu. Mchwa nao waliacha ile njia iliyonyweshwa dawa wakajenga nyingine pembeni, pana zaidi.

"Masele," Milembe alimwambia, "kuku wangu umewaua, mchwa umewapa likizo."

"Labda dawa ilikuwa kidogo, dada."

"Labda akili ndiyo ilikuwa kidogo. Peleka bomba lako shambani."

Winnie aliposikia akamleta Januarius, mtu wa kampuni moja mpya ya mjini. Januarius alikuja na pikapu iliyochorwa mchwa mkubwa amelala chali. Alivaa koti jeupe na viatu visivyojua vumbi. Aliizunguka nyumba upesi, wala hakuingia ndani, kisha akanyoosha kidole kwenye kichuguu.

"Adui yenu anakaa pale. Nikimwaga dawa pale na nyingine kuzunguka ukuta, kazi imekwisha. Jioni bibi unalala usingizi."

Baba yake Milembe alikuwa mtu wa minada ya ng'ombe, na alimfundisha kitu kimoja: mwenye kuuza ng'ombe muulize kasoro ya ng'ombe wake. Akisema hana kasoro, nenda kwa mwingine.

"Na ukishindwa?" Milembe akauliza.

"Mimi sishindwi, bibi."

"Kuku wangu?"

"Hawana shida."

"Na kisima?"

"Kiko mbali."

Hakugeuza hata shingo kutazama kisima kiko wapi. Milembe aliona. Akaenda jikoni, akachukua kigoda chake, akapanda nacho juu ya kichuguu, akakaa.

"Mama, shuka!" Winnie alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu watu walishaanza kukusanyika uani, nami nikiwamo.

"Nishuke niende wapi? Nimekaa kwangu."

"Mama, unanitia aibu mbele ya mgeni."

"Mgeni akitaka kumwaga sumu kwenye chakula cha mama mkwe wangu, aanze na mimi."

Januarius alitazama saa yake, akacheka kidogo, akawasha pikapu. Winnie aliondoka naye bila kuaga vizuri. Milembe alishuka pale juu baadaye sana, na kushuka kulimshinda kuliko kupanda, ikabidi nimshike mkono. Hii ni moja ya zile sehemu anazoziruka.

Wanawake wa kwaya waliokwenda Maswa kwenye sherehe ndio waliokuja na jina la Novatus. Walisema pale Maswa yuko fundi ambaye kazi yake ni mchwa tu, hauzi mbegu wala mbolea. Wakamtumia salamu. Akaja kwa baiskeli, nyuma amefunga bomba, nondo nyembamba na kopo la dawa ambalo mfuniko wake haujafunguliwa.

"Mwadila, mayu," alisalimia kwa Kisukuma, kama mtu anavyomsalimia mama yake.

"Mwadila. Na wewe hushindwi?"

"Nashindwa sana," Novatus alisema. "Nyumba ya kanisa moja kule Sola ilinishinda mara ya kwanza. Nilirudi baada ya mvua, kama ninavyoahidi kila nyumba, ndipo nikaipata."

Milembe akamsogezea kigoda. Lakini Novatus hakukaa. Aliomba kuingia ndani. Aligonga kila fremu na kila kenchi kwa mpini wa kisu, sikio ameliweka kwenye ubao kama daktari anavyosikiliza kifua. Aliuliza kisima kiko wapi, akaenda mwenyewe kukitazama. Aliuliza nafaka inawekwa chumba gani, na nani alishapulizia nini kabla yake. Alipotajiwa dawa ya pamba alitikisa kichwa akamwambia Milembe asiwaache kuku warudi kudonoa upande ule.

"Na kichuguu changu?" Milembe akauliza, na nilimwona amekaza taya.

Novatus alitoboa kichuguu kidogo kwa nondo, akachota mchwa walinzi waliotoka, akamwekea Milembe kwenye kiganja cha kulia. Akabandua njia ya udongo ukutani, akachota na wale, akamwekea kushoto. Milembe alitazama kulia, akatazama kushoto. Wa kulia walikuwa na vichwa vikubwa vyekundu, na mmoja alishamng'ata mpaka damu. Wa kushoto walikuwa vitu vidogo vyeupe, vyembamba, kama punje za mchele uliopondeka.

"Hawa si wangu!" Milembe alipiga kelele. "Hawa siwajui! Wangu ni hawa wenye vichwa!"

"Si wako, mayu. Wako wamekaa kwao. Hawa wanaokula nyumba wametoka mahali pengine."

Nakwambia Milembe alicheka, akaniangukia begani, mikono bado imejaa wadudu. Kama mambo yangeishia hapo ningekuwa nimeshaweka kalamu chini. Lakini Novatus alikuwa amezunguka nyuma ya nyumba. Alisimama mbele ya zile kuni za miti ya pamba. Akavuta mti mmoja kutoka safu ya chini, akauvunja kwa goti. Ndani kulijaa udongo na vile vitu vyeupe vikikimbia mwanga.

"Wametoka hapa," alisema. "Mizizi ya pamba ndiyo chakula chao shambani. Umewaletea chakula mpaka mlangoni, na safu zako zimewawekea ngazi ya kupandia kwenye paa."

Wanawake waliokuwa wanazisifu zile kuni, waliokuja kumtazama fundi, walianza kutazama miguu yao.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyewakaribisha?"

"Hizi ziondoke zote, mayu, zikachomwe shambani. Ndipo nianze."

"Weka dawa, kuni ziache. Nimezipanga kwa mikono yangu."

"Nikiweka dawa na hizi zikabaki, nitakuwa nimekuibia."

"Basi nenda! Umekuja kunifundisha kupanga kuni? Nenda!"

Novatus hakubishana. Alifunga nondo yake kwenye baiskeli. "Ukiziondoa, nitumie salamu," alisema, akaenda zake, na Milembe akamsindikiza kwa maneno ambayo siyaandiki kwa sababu karatasi hii itasomwa na watoto.

Siku zile zile Winnie, habari za kuni zimeshamfikia, alituma ujumbe kutoka mjini. Januarius amekubali kila kitu. Kichuguu hatakigusa. Kuni hatazigusa. Atafanya kama bibi anavyotaka, aseme tu siku. Milembe alifurahi. Alikuja kwangu kutamba.

"Umeona? Ukishikilia lako, wanakubali wenyewe."

Mimi nilikuwa nachambua mchicha. Nikamwambia, "Vizuri. Lakini si alisema adui yuko kwenye kichuguu?"

"Alisema."

"Na sasa anakiacha?"

Milembe akachambua nami mpaka mchicha wote ukaisha. Kisha akasema polepole, "Yule hatibu nyumba. Anatibu hasira zangu."

Akaondoka. Nilimfuata, maana namjua. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, kwenye dirisha la chumba chake lililofunikwa nusu na zile kuni. Akaweka kidole gumba kwenye fremu ya dirisha, akasukuma. Kidole kikaingia mpaka kwenye kiungo, bila kelele, kama kinavyoingia kwenye ugali. Alikitoa, akakipangusa kwenye khanga, akashika safu ya juu ya kuni, akaivuta ikaanguka chini.

Tulizibeba wote. Hata Masele alikuja na mkokoteni wake wa ng'ombe kuosha jina. Tulizimwaga shambani, tukazitia moto mchana kweupe, na moshi wake ulikuwa ule ule wa zamani za ushirika, wazee wakatoka nje kuuliza bwana shamba amerudi lini. Milembe alisimama karibu na moto kuliko sisi sote. Machozi yalimtoka, na nani angesema si moshi?

Salamu hakutuma. Alikwenda mwenyewe. Lori la mnunuzi mmoja wa pamba lilikuwa linapeleka mzigo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kule Maswa, na Milembe akapanda juu ya magunia akakaa kama mke wa mtemi. Alipofika hakumtafuta Novatus kwanza. Aliuliza ni nyumba ya nani aliitibu zamani kidogo, si juzi. Wakamwonyesha nyumba ya mama mmoja aitwaye Wilhelmina. Milembe akabisha hodi, akasalimia, na kabla hajakaribishwa maji akaanza kugonga fremu za watu kwa kifundo cha kidole.

"Mama, umepotea?" Wilhelmina akauliza.

"Sijapotea. Fundi Novatus alirudi baada ya mvua, kama alivyoahidi?"

"Alirudi. Alikuta njia moja mpya chooni, akarudia, hakuomba kitu. Wewe ni nani?"

"Mimi ni mwenye kuni," Milembe alisema, na hakueleza zaidi. Akamaliza kugonga mlango wa jikoni ndipo akakubali maji.

Alimkuta Novatus sokoni anaziba pancha. "Nimekuja kukuchukua," alimwambia. "Kuni ni majivu. Ila kabla hujaja, niambie kasoro ya dawa yako."

Novatus aliweka tairi chini. "Haikai milele, mayu. Miaka ikipita itachoka, utaniita tena. Na fremu iliyokwisha kuliwa haiponi, usimwamini anayekuambia inapona. Utabadilisha. Upande wa kisima sitamwaga dawa kabisa, nitachimba tu na kubandua, kwa hiyo upande ule utautazama wewe mwenyewe kila wiki."

Milembe akashusha pumzi. Anasema hapo ndipo alipomwamini, kabla hata ya tone moja la dawa kumwagwa. Ng'ombe mwenye kasoro inayojulikana unamfunga zizini ukalala.

Kazi ilifanyika kabla ya mawingu. Kuku walifungiwa kwangu, mitungi ikafunikwa, nafaka ikatolewa nje, na Milembe mwenyewe akalala kwangu, akilalamikia godoro langu. Novatus alichimba mfereji mwembamba kuzunguka msingi, akatoboa sakafu kando ya kuta, akanywesha dawa taratibu kama anayenywesha ndama, na udongo akaurudisha. Alivaa glavu na kitambaa puani, na hakuna aliyeruhusiwa kusogea, hata mwenye nyumba. Kichuguu hakukikaribia. Kenchi zilizokufa na ile fremu ya dirisha zikatolewa, akaja seremala kuweka nyingine. Januarius naye, lazima niwe mkweli, alirudi kuleta salamu za Winnie, akatazama ule mfereji, akasema kazi ni nzuri. Milembe akampa uji. Hakumpa zaidi.

Kisha tukangoja mvua, na mvua ikajua tunaingoja, ikachelewa.

Ilipokuja ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nilisikia gari. Nikajifunga khanga nikakimbia, kwa sababu nilijua ni Winnie, na nilijua alichokifuata. Alikuwa ameshashuka, yuko chumbani kwa mama yake na tochi, anamulika kenchi moja moja, pembe moja moja, nyuma ya kabati, chini ya dirisha jipya. Hakuna njia ya udongo. Kuta zilikuwa kavu na safi kama sahani iliyooshwa. Hata upande wa kisima hakukuwa na kitu.

"Mama!" aliita. "Uko wapi?"

"Njoo huku na beseni, acha kelele!"

Milembe alikuwa nyuma ya jiko. Kichuguu kilikuwa kinatoa moshi, nyinyi mliowahi kuona mnajua, kumbikumbi wakitoka kwa pamoja mbawa zinameremeta, na yeye yuko katikati yao, wengine kwenye nywele, wengine shingoni, anawakinga kwa ungo na kucheka kama msichana. Winnie alisimama. Dereva wa gari akamuuliza, "Dada, mizigo iko wapi?"

"Hakuna mizigo," Winnie alisema. Akavua viatu vyake, akachukua beseni.

Novatus alifika siku chache baadaye kama alivyoahidi, matope mpaka kwenye usukani wa baiskeli. Aligonga nyumba nzima na hakukuta kitu. Safari hii alikaa kwenye kigoda, akala kumbikumbi kwa ugali mpaka akalegeza mkanda. Milembe yuko kwenye nyumba ile mpaka leo. Kuni zake ziko mbali na ukuta, juu ya mawe, na bado hataki mtu aziguse.

Basi, mmepata mlichotaka. Sasa ni zamu yenu. Wewe unayesoma, weka hiyo karatasi chini, nyanyuka, zunguka nyumba yako, gonga kila fremu kwa kifundo cha kidole, na utazame umeegemeza nini ukutani. Ukimaliza, njoo uniambie ulisikia mlio gani. Na usije mikono mitupu. Milembe atanigawia kumbikumbi kijiko kimoja tu kwa sababu nimeandika zile sehemu anazoziruka, kwa hiyo walioniomba niandike ndio watakaonilisha.